Mtindo wa Kufundisha na Heshima kwa Mwanafunzi: Mambo Mawili Yanayochanganywa Vyuoni

Ukikaa jioni kwenye vimbweta, zile meza za nje za wanafunzi, vya chuo chochote cha Mwanza, pindi la mwisho likishaisha, utawasikia wanafunzi wakiwachambua wahadhiri wao mmoja mmoja. Iwe Malimbe, Bugando, Butimba au Nyegezi, uchambuzi huo una jambo linalomshangaza mtu aliyesomea ualimu. Mhadhiri anayeingia saa mbili kamili asubuhi, akasimama mbele na kuhadhiri hadi saa nne bila makundi wala mzaha, anasifiwa kwamba anawaheshimu. Mwingine anayewapanga kwenye makundi, anayetaniana nao na kukaa nao kantini, analalamikiwa kwamba anawachukulia poa. Nadharia tulizofundishwa wengi wetu zingetabiri kinyume.

Wanafunzi hao hawajakosea. Wanachokiona ni kwamba mtindo wa kufundisha na heshima kwa mwanafunzi ni mambo mawili. Yanahusiana, tena kwa karibu, lakini uhusiano wenyewe hauko pale tunapoutafuta. Hakuna mtindo uliozaliwa na heshima ndani yake. Ninachoamini, na ndicho nitakachojaribu kukieleza hapa, ni kwamba kila mtindo huamua ni wapi heshima ya mhadhiri kwa wanafunzi wake itapimwa: anayehadhiri hupimwa kwenye jambo moja, anayegawa makundi kwenye jambo jingine kabisa. Akibadili mtindo bila kulijua hilo, anahama kutoka kosa moja kwenda jingine huku akidhani amekuwa mwalimu bora.

Mchanganyiko ulipoanzia

Mwaka 1939 Kurt Lewin na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya Iowa, Marekani. Walianzisha vilabu vidogo vya wavulana wa umri wa miaka kumi hivi, wakawapa kazi za mikono kama kutengeneza barakoa za maigizo, na vilabu vikaongozwa kwa mitindo mitatu tofauti: wa amri, wa kidemokrasia, au wa kuwaachia wafanye watakavyo. Chini ya kiongozi wa amri, watoto wengine waligeuka wagomvi na wengine wakapooza, na kiongozi akitoka chumbani kazi nayo ilizorota. Chini ya kiongozi wa kidemokrasia, kazi iliendelea hata alipokuwa hayupo.

Matokeo hayo yamesafiri mbali, yakafika hadi kwenye noti za saikolojia ya elimu zinazosomwa na walimu wetu watarajiwa: mwalimu wa amri hafai, mwalimu shirikishi anafaa. Lakini ukitazama jinsi viongozi wale walivyoelekezwa kutenda, utagundua kwamba mambo mawili yalifungwa pamoja. Kiongozi wa amri aliamua kila hatua, na pia alitoa sifa na lawama zilizomlenga mtoto mwenyewe. Yule wa kidemokrasia aliwaeleza watoto mpango mzima tangu mwanzo, na aliposifu au kukosoa alizungumzia kazi iliyofanyika. Sasa, kilichowaumiza wale watoto wa kwanza ni nini? Ni kule kuamuliwa hatua za kazi, au ni kule kulaumiwa bila kuelezwa kigezo? Jaribio haliwezi kututenganishia. Na klabu za tatu, zile za kuachiwa huru, zilifanya kazi kidogo na kwa kiwango duni, jambo ambalo wanaolitaja jaribio hili kwa haraka huliruka.

Huku kwetu Tanzania mitaala ya sekondari ilipojengwa juu ya umahiri mwaka 2005, "mbinu shirikishi" ikawa kauli ya kila semina na kila andalio la somo. Ni jambo jema. Ila njia ya mkato ikajipenyeza pamoja nalo: kwamba kushirikisha ndiko kuheshimu, na kuhadhiri ndiko kukandamiza.

Heshima gani hasa?

Mwanafalsafa wa Kimarekani Stephen Darwall, katika andiko lake la 1977, alitenganisha heshima za aina mbili, na utenganisho huo unatufaa sana hapa. Ipo heshima anayostahili mtu kwa kuwa ni mtu tu. Hii inamtaka anayeshughulika naye azingatie, kabla ya kuamua lolote, kwamba aliye mbele yake ana akili, ana muda wake, ana maisha yake na ana haki ya kupewa sababu. Ipo pia heshima inayotokana na ubora: unamheshimu nahodha kwa jinsi anavyolijua ziwa, au daktari wa upasuaji kwa mkono wake. Hii ya pili hupanda na kushuka kulingana na mtu alivyofanya. Ile ya kwanza haipandi wala haishuki.

Darasa la chuo ni mahali ambapo heshima ya pili hutolewa rasmi, kwa namba, tena mara kwa mara. Ndiyo kazi ya maksi. Hatari iko pale heshima ya pili inapoimeza ya kwanza, mwenye maksi ndogo akageuzwa kuwa mtu mdogo. Chukua mwanafunzi aliyepata 12 kati ya 40 kwenye kazi za ndani ya muhula. Mhadhiri anaweza kumwambia kwamba hoja zake tatu hazina ushahidi, na kwamba akienda hivi kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, atasapu, yaani atalazimika kurudia mtihani. Hayo ni maneno mazito, yanauma, na bado ni ya heshima. Akimsimamisha mbele ya wenzake na kumuuliza chuoni aliingiaje, hajampa taarifa yoyote kuhusu kazi yake. Amemshusha hadhi tu.

Ukishika tofauti hiyo, ukali na upole vinakoma kuwa kipimo. Kinachoulizwa ni kama yule kijana bado anahesabiwa kuwa mtu mzima anayestahili sababu.

Mitindo mitano, na hakuna mwenye mmoja tu

Anthony Grasha, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, alieleza mwaka 1996 mitindo mitano ya walimu wa vyuo. Yuko mtaalamu, anayetaka wanafunzi wapate maarifa aliyo nayo. Yuko mwenye mamlaka rasmi, anayeshika kanuni, viwango na utaratibu. Yuko anayekuwa mfano, anayeonyesha jinsi kazi inavyofanywa ili waige. Yuko mwezeshaji, anayeongoza kwa maswali na mazungumzo. Na yuko mkabidhi, anayewaachia wanafunzi wajisimamie na yeye akabaki wa kuulizwa. Grasha alisisitiza kwamba kila mwalimu ana kiasi fulani cha yote matano, na kwamba kila mmoja una faida na hasara zake. Hakupanga ngazi ya heshima kati yake, na nadhani alikuwa sahihi kutoipanga.

Tuanze na mhadhara, maana ndio unaobebeshwa lawama zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa Kimarekani wakiongozwa na Patricia Kearney waliwauliza wanafunzi wa vyuo ni mambo gani ya walimu yanayowakera. Majibu yaliangukia katika makundi makubwa matatu: kutoimudu kazi, utovu wa adabu, na uzembe. La kwanza lilibeba mambo kama kueleza kwa kuchanganya na kulijaza darasa mambo mengi kwa mpigo. La pili lilibeba kejeli, matusi, upendeleo na usumbufu wa kingono. La tatu, ambalo ndilo ningependa wahadhiri wenzangu walitafakari, lilibeba kutokuja darasani, kuchelewa, kuacha mpango wa kozi na kuchelewesha kurudisha kazi.

Kwa wanafunzi, basi, uzembe umekaa meza moja na matusi. Inaeleweka. Kiongozi wa darasa, CR wetu, anapopokea ujumbe wa WhatsApp saa mbili na robo kwamba kipindi hakipo, kuna mwenzao aliyekwisha vuka na kivuko cha Kamanga kutoka upande wa Sengerema. Kuna aliyepanda daladala mbili kutoka Kisesa hadi Malimbe kwa nauli aliyoikopa kwa sababu boom, fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka. Kuna mama aliyemlipa jirani amshikie mtoto. Hakuna aliyetukanwa. Lakini muda wao umetumiwa kana kwamba hauna mwenyewe, na hilo ndilo hasa Darwall alilolizungumzia: kutozingatia kwamba kuna mtu upande wa pili.

Mhadhiri wa mhadhara, kwa hiyo, hupimwa kwenye muda na maandalizi. Anayeingia kwa wakati, aliyepanga somo lake, akalifafanua mpaka likaeleweka, akaondoka kwa wakati, ametoa heshima kubwa hata kama hakuuliza jina la mtu. Vivyo hivyo na kurudisha kazi. Katika vyuo vikuu vyetu vingi kazi za ndani ya muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Mwanafunzi anayeingia kwenye hizo 60 bila kujua alikosea wapi kwenye hizo 40 amenyimwa kitu alichokifanyia kazi.

Mhadhara una pia kipimo cha pili, nacho ni lugha. Vyuo vikuu vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na mkutano wa mwalimu na mwanafunzi kwenye lugha hiyo si sawa kwa pande zote. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule za msingi Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, aliona kwamba walimu wakishauliza swali walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia, kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na waliokaa kimya au kusema hawajui walipungua. Wale walikuwa watoto wanaojibu kwa lugha ya nyumbani kwao. Mlete sasa kijana aliyekulia Magu, anayesikia swali kwa Kiingereza, analifikiria kwa Kiswahili, pengine na Kisukuma kikipita katikati, kisha atafute njia ya kurudi kwenye Kiingereza mbele ya watu mia mbili. Sekunde moja ni kumfungia mlango. Mhadhiri anayeuliza "kuna swali?" huku akikunja karatasi zake hajauliza.

Nimeona madarasa ambako ruhusa ndogo, "sema kwa Kiswahili kwanza, tutakusaidia kuliweka kwa Kiingereza", ilitoa maswali ambayo yangebaki kifuani. Mtindo ulikuwa uleule wa mhadhara.

Mamlaka yenye sababu

Mwenye mamlaka rasmi huhukumiwa haraka kuliko wote. Hapa kuna utafiti unaosaidia kuona ndani. John French na Bertram Raven walieleza mwaka 1959 kwamba mtu anaweza kuwa na nguvu juu ya mwingine kwa njia tano: kwa kuadhibu, kwa kutuza, kwa cheo, kwa utaalamu, na kwa kupendwa au kutamaniwa kuigwa. Miaka ya 1980 Virginia Richmond na James McCroskey waliipeleka orodha hiyo darasani. Wakaona kwamba mwalimu akiegemea adhabu na cheo, wanafunzi hulipenda somo kidogo na huona wamejifunza kidogo. Akiegemea utaalamu na mvuto wa tabia yake, inakuwa kinyume.

Wengine wamelisoma tokeo hilo kama hukumu dhidi ya kanuni. Mimi silisomi hivyo. Rebecca Chory, aliyechunguza haki darasani mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitazama kama wanafunzi wanaona utaratibu wa kozi, yaani jinsi mahudhurio, mitihani na usahihishaji vinavyoendeshwa, ni wa haki. Walioona ni wa haki walikuwa na ari zaidi na uhasama mdogo kwa mwalimu. Wanafunzi wanaweza kuishi vizuri na kanuni ngumu. Kinachowachoma ni kanuni inayobadilika katikati ya muhula, au inayowagusa wengine na kuwaruka wengine.

Mlango unaofungwa saa mbili na dakika tano ni mfano mzuri kwa sababu kila chuo kina mhadhiri wa namna hiyo. Kama alilitangaza wiki ya kwanza, akaeleza kwa nini, akalitumia kwa mtoto wa mkubwa na wa mvuvi sawasawa, na yeye mwenyewe hachelewi, basi amewatendea kama watu wazima walioingia kwenye makubaliano. Kama yeye huja saa tatu kasoro na hakuna anayethubutu kumuuliza, mlango uleule umekuwa tusi. Na kanuni nzuri huwa na mlango wa dharura: mvua ya Mwanza ikishuka kwenye mabonde ya Mabatini na Mkuyuni, njia hujaa maji na daladala husimama, na mhadhiri anayeishi mjini hapa analijua hilo kama wanavyolijua wao.

Kwa kweli, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hana ndugu aliyewahi kukanyaga chuo anahitaji kanuni zilizoandikwa kuliko mwenzake aliyetoka kwenye familia ya wasomi. Huyu wa pili atapiga simu kwa shangazi yake aulize kukeri (kubeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata) maana yake nini na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) kunatokeaje. Wa kwanza hana wa kumpigia. Mamlaka yaliyo wazi yanamlinda.

Ukaribu na mpaka wake

Mtindo wa kuwa karibu na wanafunzi una sifa kubwa, na kuna ushahidi nyuma yake. Tangu Janet Andersen alipouchunguza mwaka 1979, watafiti wengi wamepima ukaribu wa mwalimu kwa mambo madogo: kutazama watu machoni, kutabasamu, kutembea kati ya viti badala ya kujificha nyuma ya meza, kuwaita kwa majina. Mwaka 2004 Paul Witt, Lawrence Wheeless na Mike Allen walikusanya tafiti 81 za namna hiyo. Ukaribu ulihusiana kwa nguvu na wanafunzi kulipenda somo na kuhisi wamejifunza. Uhusiano wake na kujifunza kulikopimwa kwa mitihani ulikuwa mdogo.

Tokeo hilo linataka umakini. Ukaribu ni mwema, unafungua mlango, lakini haulipi deni la somo lisilofundishwa. Mhadhiri anayependwa na asiyefundisha anawakosea wanafunzi wake kwa namna ambayo hawataijua hadi siku ya usaili wa kazi.

Ukaribu hupimwa pia kwenye usawa. Ukiwajua wachache kwa majina, kwa kawaida wale wanaokaa mbele na kuongea Kiingereza kilichonyooka, darasa zima linaona. Utani ambao kwa kijana mmoja ni kicheko, kwa mwingine ni fedheha ya kabila lake au lafudhi yake. Sisi tuna utani wa makabila, na nje ya darasa una kanuni zake, ikiwemo ile ya msingi kwamba anayetaniwa anaweza kujibu. Mbele ya mtu anayeshika maksi zako huwezi kujibu, kwa hiyo kanuni imevunjika tangu mwanzo.

Na kuna ukaribu ambao si mtindo wa kufundisha hata kidogo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwenye kifungu cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu haki au upendeleo. Mwenye kumpigia binti simu usiku kuhusu "ile sup yako" asijifiche nyuma ya maneno kama mwalimu rafiki. Hilo ni kosa la jinai, na mahali pa kulipeleka ni TAKUKURU.

Makundi, na kutelekezwa

Nimeliacha la ushirikishi liwe la mwisho kati ya mitindo kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi. Ushahidi wa kuwafanya wanafunzi watende darasani ni mzito. Scott Freeman na wenzake walikusanya mwaka 2014 tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Kwenye madarasa ya mhadhara mtupu walioshindwa walikuwa asilimia 33.8 kwa wastani. Kwenye madarasa ambako wanafunzi walijibu, walijadili na kutatua, asilimia 21.8. Hiyo ni tofauti inayobadilisha maisha ya watu.

Lakini tazama kinachofanyika kwenye baadhi ya kozi kwa jina la ushirikishi. Wiki ya pili darasa linagawiwa makundi kumi na mada kumi. Kuanzia wiki ya tatu kila kundi linawasilisha. Waliopangiwa kuongea wanasoma desa, yaani noti za kunakili, la mwaka juzi, lenye makosa yaleyale ya mwaka juzi. Mhadhiri amekaa nyuma na simu yake. Kundi likimaliza anasema "mpigieni makofi", na mada imefungwa. Aliyeelewa vibaya anaondoka na kosa lake likiwa limepigiwa makofi. Mwisho wa muhula mada hizo zinakuja kwenye UE.

Huku siko kushirikisha. Ni ile klabu ya tatu ya Lewin. Grasha alieleza wazi kwamba mtindo wa kukabidhi unahitaji wanafunzi walio tayari kujitegemea, na kwamba utayari wao upimwe kabla ya kuachiwa. Kwenye tafiti za Freeman pia, shughuli za wanafunzi zilipangwa na mwalimu kwa lengo la somo. Hazikuwa likizo yake. Kazi ya maandalizi kwa somo la makundi lililofanywa sawasawa ni kubwa kuliko ya mhadhara: swali lichaguliwe vizuri, kundi lisikilizwe likiwa linafanya kazi, kosa likamatwe papo hapo, mkimya apewe nafasi, na dakika za mwisho mwalimu aunganishe. Wanafunzi wanaolalamika vimbwetani kwamba "yule hafundishi" mara nyingi hawaukatai ushirikishi. Wanalalamikia kuachwa.

Ni kweli kwamba wakati mwingine wanalalamika hata pale mwalimu anapofanya sawasawa. Louis Deslauriers na wenzake, kwenye darasa la fizikia la Harvard, walionyesha mwaka 2019 kwamba wanafunzi waliojifunza kwa kutenda walijifunza zaidi lakini wakahisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara uliotiririka. Kuhangaika na swali kunachosha, na uchovu huo hudhaniwa kuwa ni kutofundishwa. Hapo heshima inadai jambo jepesi ambalo wengi tunalisahau: waeleze. Waambie wiki ya kwanza kwa nini utawasumbua na watafaidika nini. Mtu mzima akipewa sababu huvumilia mengi.

Mwenye joto na mwenye madai

Kama ningetakiwa kuchagua tafiti za kumpa mhadhiri mpya anayeanza kazi hapa kandokando ya ziwa, ningempa mbili. Ya kwanza ni ya Judith Kleinfeld, iliyochapishwa 1975, kuhusu walimu wa vijana wa jamii asilia za Alaska waliotoka vijijini kuja kusoma mijini. Aliona kwamba wapole wasiodai kitu hawakufanikiwa, na wakali wasio na utu hawakufanikiwa. Waliofanikiwa walikuwa na vyote viwili kwa pamoja: walimjali kijana waziwazi, na hawakukubali kazi mbovu kutoka kwake. Walianza kwa kujenga uhusiano, kisha wakadai. Vijana hao walikuwa wanafunzi wa sekondari, lakini safari yao ya kutoka kijijini na lugha ya nyumbani hadi kwenye darasa la lugha nyingine inafanana sana na ya vijana wanaoshuka stendi ya Nyegezi kila mwanzo wa mwaka wa masomo.

Ya pili ni ya Geoffrey Cohen, Claude Steele na Lee Ross, 1999, iliyofanywa Stanford. Wanafunzi waliandika kazi, kisha wakapewa ukosoaji mkali. Wengine walipewa ukosoaji mtupu, wengine uliorembwa kwa sifa za jumla, na wengine ulioambatana na maneno mawili: kwamba kiwango kinachotakiwa ni cha juu, na kwamba mwalimu ameisoma kazi na anaamini wanaweza kukifikia. Wanafunzi weusi, waliokuwa na sababu ya kuhofu kudharauliwa, walishuku upendeleo kwenye ukosoaji mtupu. Ule wa tatu waliupokea, na ari yao ya kurudia kazi ikapanda. Sifa za kuremba hazikufanya kazi vizuri kiasi hicho.

Hapo ndipo pendekezo la "kuwa mpole" linapoonyesha upungufu wake. Kumwambia mwanafunzi "umejitahidi" kwenye kazi mbovu ni kumwona kuwa hawezi zaidi. Kiwango kikubwa pamoja na imani kwamba atakifikia ni heshima zote mbili za Darwall kwa wakati mmoja.

Kuna ugumu wa kwetu ambao tafiti hizo hazikuugusa. Kijana wetu amelelewa kutoa heshima kwenda juu. Anajua kusema shikamoo, anajua kupisha mkubwa, na wengi wa Usukumani wameona nyumbani binti au kijana akipiga goti kidogo anapoamkia wazee. Heshima hiyo ina sura iliyo wazi. Ile inayotoka juu kwenda chini haina salamu yake, na mhadhiri anaweza kuitikia marahaba asubuhi nzima bila kudaiwa kitu. Ukimya wa darasa la namna hiyo ni rahisi kuutafsiri vibaya, ukadhani wameelewa au wameridhika. Huenda wanaona tu kwamba kumwambia mkubwa kwamba hajaeleweka ni utovu wa adabu. Mzigo wa kuuvunja ukimya huo uko kwa mwenye cheo.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama upande wa mashariki wa ziwa hili, aliandika mwaka 1967 katika sera ya Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu lazima ijenge kwa kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kurekebisha wanachokifanya, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Huwezi kudadisi mbele ya mtu unayeogopa atakuaibisha. Huwezi pia kudadisi somo ambalo hakuna aliyekufundisha.

Fomu ya tathmini

Jambo la vitendo limebaki. Mwisho wa muhula wanafunzi hujaza fomu za kuwatathmini wahadhiri, na maswali ya fomu hizo mara nyingi huchanganya haya mawili: kama mhadhiri alitumia mbinu shirikishi, kama alikuwa na uhusiano mzuri na wanafunzi. Majibu yake yanapima mtindo na kupendwa. Ningependa vyuo vyetu viulize mambo ambayo mwanafunzi aliyaona kwa macho yake. Vipindi vingapi havikufanyika, na taarifa ilifika muda gani kabla? Kazi zako zilirudi kabla ya mtihani wa mwisho, na zilikuwa na maelezo ya ulikokosea? Kanuni za kozi ziliandikwa na kutolewa wiki ya kwanza, na zilibadilika? Ulipouliza au kujibu vibaya, nini kilifuata? Kundi lako lilipowasilisha jambo lisilo sahihi, kuna aliyelisahihisha? Uliwahi kuogopa maksi zako kwa sababu isiyohusu kazi yako? Mhadhiri wa mhadhara na mhadhiri wa makundi wote wanaweza kupata majibu mazuri kwenye maswali hayo, na wote wanaweza kuanguka. Fomu zijazwe bila majina, na zisomwe na mtu ambaye si yule anayetathminiwa, kabla ratiba ya muhula unaofuata haijapangwa.